Mwanga wa Singo

Daktari wa ngozi angeweza kunipigia simu. Badala yake alikuja mwenyewe kwa miguu kutoka hospitali hadi maabara yetu, jua la saa saba likimchoma utosi, ameshika kisanduku kidogo cha vioo vya kupimia kwa mikono miwili. Nilipomwona mlangoni nilijua habari si nzuri. Habari nzuri watu huzituma, hawazibebi.

"Kioo kimejaa," aliniambia hata kabla ya kukaa. "Kinawaka kila mahali. Lakini kimejaa kupita kiasi, na ndiyo sababu nimekuja kwako."

Katika kioo kile mlikuwa na chembe za ngozi ya binti wa marehemu kaka yangu. Wakati ule alikuwa mwali, ametiwa ndani nyumbani kwao Munje, arusi yake ni Ijumaa, na siku ile ilikuwa Jumatatu.

Lazima nirudi nyuma kidogo. Kwetu mwali akishawekwa ndani hukabidhiwa somo, mwanamke mtu mzima anayemfunza mambo ya ndoa na kumsinga mwili kila siku kwa singo, yaani mchanganyiko wa manjano ya kupikia, liwa, maua na mafuta, hadi ngozi ilainike na kunukia. Somo wetu ni mjane mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto, na hapendi kubishiwa. Mimi pia sipendi kubishiwa, kwa hiyo tumegombana tangu zama zile aliponisinga mimi. Ndoa yangu haikudumu, na kila tukikutana hunikumbusha kwamba kosa halikuwa la singo.

Alasiri moja alikuwa akimfukiza mwali udi. Kaa dogo liliruka kutoka kwenye chetezo likamwangukia nyuma ya bega. Somo aliliona likitua, akaona na kimoshi kikipanda kutoka kwenye ngozi, huku mwali akiendelea kuzungumza habari za viatu vyake vya arusi. Somo alilipangusa kaa kwa kiganja, akaungua yeye. Alipotazama vizuri, chini ya singo, akaona baka lililopauka, upana wake kama kisahani cha chai.

Hakumwambia mama mtu. Alinijia mimi, kwa kuwa baba hayupo na shangazi ndiye baba, na kwa kuwa, kwa maneno yake, mimi ni mtu wa vioo.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuendesha hadubini moja kubwa katika maabara ya utafiti. Watu huniletea vitu vyao niviangalie: vipande vya matumbawe kutoka Diani, mwani, karatasi za kufungia chakula zinazotengenezwa kwa mwani huo huo, seli za figo, seli za mbu. Vitu hivyo hupigwa mwanga wa leza, navyo hurudisha mwanga wao wenyewe, na mimi huusoma mwanga huo. Lakini sikuhitaji hadubini kujua mtu anachofikiria anapoambiwa kwamba moto umegusa ngozi na mwenye ngozi hakusikia. Nimezaliwa pande za Msambweni. Huku ukoma hautajwi kwa jina. Watu husema ugonjwa ule. Wazee bado wanakumbuka jinsi wagonjwa walivyowekwa kando na jamaa zao, na nyumba iliyokwisha kutajwa, binti zake walikaa bila kuposwa. Najua kwamba siku hizi una dawa, tena ya bure, na kwamba mtu akianza kuimeza, baada ya muda mfupi haambukizi tena. Niliyajua hayo yote wakati somo alipokuwa akizungumza, na bado niliogopa.

Kumtoa mwali nje si jambo dogo. Nilimwambia wifi yangu, mama yake, kwamba viatu alivyonunuliwa vinambana na lazima twende Ukunda kuvibadilisha. Wifi akalalamika kwamba mwali hapigwi na jua. Nikamjibu mbele ya wanawake wote waliokuwa wakichagua mchele kwamba katika nyumba ile baba ni mimi. Ukali wangu una faida zake. Tukatoka, mwali amejifunika buibui hadi machoni, tukaingia hospitali kwa mlango wa nyuma.

Daktari alimwambia afumbe macho, akawa anamgusa begani kwa ncha ya pamba.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Nasikia."

Alijibu upesi kila mara. Mara moja, niliona mwenyewe, alijibu kabla pamba haijamfikia. Daktari aliniangalia, nami nikaangalia sakafu. Akamchanja kidogo kwa wembe pembeni mwa baka, akakwangua, akapaka alichokipata juu ya kioo, na tukarudi Munje na viatu vile vile ndani ya mfuko mwingine.

Sasa kioo kilikuwa mezani kwangu. Daktari alieleza kwamba alikitia auramini, rangi inayoshikamana na vijidudu vya ukoma na kung'aa kijani. Alipotazama kwa hadubini yao alikuta kijani tupu, matone na madoa na mistari, kioo kizima. Ikiwa yote yale ni vijidudu, alisema, basi ugonjwa umekwenda mbali. Neva za mikono zimo hatarini, macho yamo hatarini, na hawezi kumshauri mtu kufanya sherehe kwanza. Lakini baka moja, kwa msichana mwenye afya, halitoi vijidudu kiasi kile. Kuna kitu hakiendi sawa.

"Amejipaka nini?" aliniuliza.

Nilijipiga paji la uso. Wiki nzima ya singo. Manjano, pamoja na mafuta yaliyoyazamisha ndani ya ngozi hadi spiriti ya daktari na asidi ya maabara zikashindwa kuyatoa yote. Manjano nayo yakipigwa mwanga wa hadubini hung'aa kijani.

Hapa nieleze kazi yangu, maana kila kitu kilitegemea hapo. Hadubini ya hospitali huuliza swali moja: kijani kipo au hakipo? Yetu huuchana mwanga vipande vyembamba, kama mtu anayechana ukindu, kuanzia buluu hadi nyekundu, na kuuliza kila nukta ya picha kijani chake ni cha namna gani. Kwa macho, kijani cha singo na cha auramini ni kimoja. Ukivichora kwenye grafu, kila kimoja kina mlima wake, na vilele havikai mahali pamoja. Katika arusi yenye makelele mtu humtambua dada yake kwa kigelegele chake. Kompyuta huweza kufanya hivyo kwa rangi, mradi kwanza uisikilizishe kila sauti peke yake.

Auramini peke yake daktari alikuwa nayo, kwenye kioo cha mgonjwa wa zamani. Ngozi tupu ningetoa mimi. Kilichobaki ni singo, tena singo iliyokaa mwilini mwa mtu, si ya bakulini, kwa sababu ndani ya ngozi rangi yake hubadilika kidogo. Ilibidi nisingwe.

Asubuhi yake nilikwenda Munje. Somo alikuwa chumba cha uani. Nilipomwambia ninachotaka alicheka kwanza, akauliza kama nimepata mchumba nikamficha. Kisha akaona sicheki.

"Singo ya mwali haigusi ngozi nyingine kabla hajatoka," alisema. "Ukijipaka wewe, unamchukulia nyota yake. Na nyota yako wewe sote tunaijua."

Hasira zilinipanda. Nilimwambia nimeitwa majina mengi lakini mwizi wa nyota sijawahi kuitwa. Tukagombana kwa kunong'ona, kwa sababu wifi alikuwa jikoni, na ugomvi wa kunong'ona unachosha kuliko wa kupiga kelele. Mwishowe nilimweleza wazi: kioo kimewaka, na hatujui kinachowaka ni singo yake au ni ugonjwa. Kama ni singo yake, mwali anaolewa Ijumaa na hakuna atakayejua lolote.

Somo akakaa kitako. Akaviangalia viganja vyake, kimoja kikiwa bado na lengelenge la kaa lile.

"Nimemsinga kwa mikono hii," alisema taratibu. "Na mimi je?"

Nilimwambia kweli ninayoijua, kwamba ugonjwa ule hauambukizi kwa urahisi, kwamba miili ya watu wengi huushinda yenyewe, lakini kwamba ikibidi naye atapimwa. Akainuka, akatoa jiwe la kusagia, akaanza kusaga singo mpya kutoka kwenye vyungu vile vile, kwa vipimo vile vile, ili ile ya mwali isiguswe. Akanisinga mkono kuanzia kiwikoni, kwa nguvu ambayo nadhani ilikuwa na kisasi ndani yake.

Niliiacha singo ikae hadi ikauka, nikaoga kama mwali anavyooga, nikaenda hospitali. Daktari akanichanja mahali palipopakwa na mahali pasipopakwa. Wembe uliniuma, na nilishukuru kwamba uliniuma.

Chumba cha hadubini hakina dirisha. Mchana ule nje kulikuwa na jua la kuanikia nazi, ndani giza na ubaridi wa mashine, daktari ameketi nyuma yangu akipumua kwa pua. Nilianza na vile vioo vya kufundishia kompyuta. Auramini ikachora mlima wake. Ngozi yangu tupu ikachora kilima kifupi kilicholala upande wa buluu. Singo ikachora wake, mpana, umesogea kidogo tu. Kidogo kile kingetutosha au kisingetutosha. Kisha nikaweka kioo cha mwali, na kijani kikajaa skrini nzima kama daktari alivyosema.

Mashine ilikwenda polepole, kipande cha mwanga baada ya kipande. Niliiambia kompyuta itenganishe. Ikafikiri. Kisha kijani chote kikahama, kikaenda upande wa singo. Matone yote, madoa yote, ile mistari iliyomtisha daktari, yote yalikuwa manjano na mafuta yaliyonasa kwenye mikunjo ya ngozi. Upande wa auramini kulibaki weusi mtupu.

Nilicheka kwa sauti. Nilikwisha kuanza kutunga maneno ya kumwambia somo, kwamba singo yake nusura ituvunjie arusi, na jinsi atakavyonijibu. Daktari hakucheka. Katika kazi hii picha moja si jibu. Kioo hutembezwa chote. Alinikumbusha kwa upole nikisogeze.

Nikasogeza. Weusi. Nikasogeza tena. Weusi. Niliposogeza mara nyingine vilikuwapo, katika upande wa auramini, vijiti vyembamba vichache vimelala ubavu kwa ubavu, na juu yavyo hapakuwa na singo hata kidogo.

Nilisema ni vumbi. Nilipunguza nguvu ya leza. Nilichukua mlima wa singo kutoka sehemu nyingine ya kioo changu, nikaiambia kompyuta ianze upya. Kila mara singo iliondoka na vijiti vilibaki. Niliitukana mashine ambayo kwa miaka yote nimeisifu kwa wageni. Nikaanza tena kutoka mwanzo, na hapo daktari akaweka mkono juu ya meza, karibu na wangu.

"Sasa hupimi tena, dada," alisema. "Unaomba."

Tulikaa gizani. Alisema vijidudu ni vichache, kwamba umewahiwa, kwamba hofu kubwa aliyokuja nayo Jumatatu imeondoka. Singo ilikuwa imeufanya ugonjwa mdogo uonekane mkubwa. Mdogo lakini upo. Nilimwuliza, kwa sauti ambayo sikuipenda, kama hatuwezi kuacha Ijumaa ipite. Akasema siku ya arusi ni shauri letu, lakini dawa aanze sasa, kwa kuwa neva ikishakufa hairudi. Na kuhusu bwana arusi, hawezi kumwambia yeye wala siwezi mimi. Wa kuamua ni mwenye ngozi.

Njia nzima kurudi Munje nilipanga maneno. Nilimwomba somo amshughulishe wifi. Mwali alikuwa ameketi mkekani amejifunga leso mbili, mabega yake yamekolea manjano, miguu ameinyoosha. Alinisalimu shikamoo, nikamwitikia marahaba, nikakaa mbele yake.

"Ni ukoma," nilimwambia. "Ni mdogo, na unapona."

Hakulia. Alivuta leso akajifunika bega lile.

"Nilijua, shangazi," alisema. "Tangu kabla ya Ramadhani. Nilijichoma sindano pale, nikaichomeka tena, nisisikie kitu. Ndiyo sababu nilimwambia somo asugue sana hapo. Nilitaka manjano yalifunike."

Basi ndivyo kioo kilivyowaka vile. Alitaka kuuficha, na alichoufichia ndicho kilichotuangazia kioo kizima. Nilitaka kumpiga kofi na nilitaka kumkumbatia. Nilimkumbatia, nikaharibu blauzi yangu, na harufu ya singo ikatufunika sote wawili.

Nilipoinua kichwa, wifi alikuwa mlangoni, na somo nyuma yake, ambaye ni wazi hakuwa amefaulu kumshughulisha. Uso wa wifi ulikuwa umekauka. Hakupiga kelele. Alisema arusi ipite kwanza. Vyungu vimeazimwa, watu wa Tiwi wamealikwa, kijana wa watu amesubiri mwaka mzima. Ijumaa ipite, kisha Mungu atajua. Ni maneno niliyomwambia daktari mimi mwenyewe mchana ule, na nilipoyasikia katika kinywa cha mtu mwingine sikuweza kuyaunga mkono, wala kuyakataa.

Mwali alininyooshea mkono.

"Nipe simu yako, shangazi."

Mwali hazungumzi na bwana arusi kabla ya siku yake. Wa kumkataza alikuwa somo, na somo aligeukia ukuta. Nilimpa simu.

Kijana yule hutengeneza mafriji na viyoyozi katika mahoteli ya Diani. Alipokea akiwa kazini. Tulisikia mashine ikinguruma nyuma yake. Mwali alimwambia kwa maneno yale yale niliyotumia mimi, hakuyapunguza wala hakuyapaka sukari. Akaongeza kwamba anaanza dawa kesho, na kwamba kama anataka kuvunja, avunje leo, asimngoje Ijumaa. Upande wa pili mashine ikazimwa. Nilikuwa nimekwisha kuandaa matusi, mazito, ya Kidigo, ambayo sijayatumia tangu talaka yangu.

"Panauma?" kijana aliuliza.

Uso wa mwali ukakunjamana. Daktari alikuwa amemwuliza kama anasikia; kama panauma, hakuna kati yetu aliyemwuliza. Alilia kwa mara ya kwanza tangu jambo lile lianze.

"Hapaumi," alisema. "Ndio ubaya wa ugonjwa huu."

Kijana akauliza hospitali inafunguliwa saa ngapi. Alhamisi hana kazi, alisema, atakuja apimwe naye, kisha waongee habari za Ijumaa kama kawaida. Mwali aliitikia kwa kichwa, kama kwamba anaonekana kwenye simu, machozi yakimchirizika na kuacha mistari katika manjano ya mashavu yake.

Wifi alitoka mlangoni. Alipita mbele yangu bila kuniangalia, akakaa mkekani nyuma ya mwanawe, akamfunua leso begani. Aliliangalia baka kwa mara ya kwanza. Kisha akaweka kiganja juu yake, taratibu, akakiacha pale. Mwali aliendelea kuzungumza na simu. Hakugeuka, kwa sababu hakujua kwamba mama yake amemshika.